Upande wa Kushoto wa Mwalimu

Mtu akimuuliza Mwalimu njia, ajue asubuhi yake imekwisha. Mwalimu hakunyoosha kidole na kusema "kule" kama watu wengine. Alitaka kwanza kujua umetoka wapi, umetembea kwa mwendo gani, jua lilikuwa bega lipi, na ulikuwa unawaza nini ulipoupita mnara wa simu bila kuutazama. Nimeona dereva wa bodaboda, mgeni mjini, ana abiria na gunia la mpunga, amesimamishwa nje ya geti lake akifundishwa namna ya kufika sokoni, na soko lenyewe lilikuwa linasikika.

"Mzee, nimeshaelewa," dereva akasema.

"Hujaelewa," Mwalimu akamjibu. "Umechoka. Ni vitu viwili tofauti."

Yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza mtu njia, wala kumuuliza mtu yuko wapi. Alisema anayeuliza "uko wapi" ameshapotea zamani, na sasa anatangaza tu.

Alifundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na nusu ya watu wanaovaa tai kwenye ofisi za mkoa hapa Bariadi waliwahi kurushiwa chaki naye. Mimi pia. Alipostaafu, binti yake aliyeko Dodoma alimnunulia kompyuta nzuri ili awaone wajukuu kwa video. Wajukuu aliwaona mara moja moja. Muda uliobaki alirusha ndege za kivita.

Ni programu ya kujifunzia kurusha. Una kioo mbele yako, jostiki mkononi, pedeli mbili miguuni, na ndani ya kioo kuna chumba cha rubani chenye vitufe vingi kuliko duka la simu. Kuiita gemu ilikuwa marufuku. Mjomba wangu aliiita hivyo siku moja na akanyimwa chai. Nilidhani ni utani mpaka nilipoona kikombe kinarudishwa jikoni.

Nilirudi nyumbani kutoka chuoni na shahada ya mipango ya maendeleo, na sikuwa na kitu cha kupanga. Uzio wetu na wa Mwalimu ni mmoja. Nilikwenda kwake mchana mmoja kumwomba akubali kuwa mdhamini wangu kwenye maombi ya kazi.

"Mwadila, Mwalimu," nikamwamkia Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Bado unajua kusoma ramani?"

Nikasema najua, kisha nikaanza kufikiria kama kweli najua, na kama nimesema haraka mno. Kabla sijamaliza kufikiria, alikuwa ameshavuta kiti. "Kesho uje na laptopu yako. Nimechoka kuruka peke yangu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Namba Mbili. Hakuniita jina tena. Kiongozi ni Namba Moja. Namba Mbili anaruka nyuma yake kidogo, kando, anatazama mahali ambapo kiongozi hatazami, na ananyamaza.

Kilichonishangaza mwanzoni ni kwamba hakupenda mambo ambayo vijana wanayapenda kwenye programu hizo: kufukuzana angani, kupiga, kulipua. Alipenda kuruka chini chini. Alizima ramani ya setilaiti kwenye ndege, akazima mishale yote inayokuonyesha pa kwenda, akabaki na dira, ramani ya karatasi aliyoichapisha mwenyewe, na saa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni tangu enzi alipokuwa mwalimu wa michezo. Ukiruka juu, rada ya adui inakuona kama mbuzi juu ya bati. Ukiruka chini, milima inakuficha, lakini huoni mbali, vitu vinakuja kwa kasi, na ukikosea kidogo tu umeingia kwenye mteremko.

Kanuni yake ilikuwa maneno matatu: saa, ramani, ardhi. Kwanza unatazama saa: nimeruka kwa muda gani tangu kituo cha mwisho? Pili unatazama ramani: kwa muda huo napaswa kuona nini, na upande gani? Tatu ndipo unainua macho kukitafuta. Hupaswi kamwe kuanza na ardhi. Ukianza na ardhi utaona kilima, utatamani kiwe kile kilima chako, na utailazimisha ramani ikubaliane nawe.

"Anayeruka chini hapotei kwa sababu haoni," alikuwa akisema. "Anapotea kwa sababu ameona kitu na amekipenda."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye simu yangu. Baadaye nilitamani ningeichapisha kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye kioo chake.

Nchi iliyokuwa ndani ya programu ilikuwa ya mbali, ya vilima vikavu na mito ya mchanga. Mwalimu hakujali majina yake. Aliitazama akasema ni Simiyu kabla ya mvua, akaibatiza upya. Mahali mito miwili inapokutana akapaita Migato. Kijiji chenye tangi refu la maji akakiita Binza, kwa sababu Binza ya kweli, pale Maswa, ina tangi la namna hiyo ukiwa unashuka na basi. Daraja la mwisho, ambalo ndilo tulilokuwa tumetumwa kulipiga, halikupewa jina. Aliliita "daraja" tu.

Majina haya yalituletea shida. Jirani wa nyuma alipita dirishani akamsikia Mwalimu akieleza kwa sauti ya darasani kwamba Ijumaa tutaiingilia Binza kutoka kaskazini, chini kabisa, kabla hawajaamka. Jirani huyo ana shemeji mwenye duka Binza. Kufika jioni balozi wa nyumba kumi alikuwa sebuleni, kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

"Mwalimu, kuna maneno yanazunguka."

"Yanazunguka kuelekea upande gani?" Mwalimu akauliza, na hakuwa anatania.

Mkewe ndiye aliyemwokoa balozi. Sote tulimwita Mayu, mama. Alimwekea sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akamwambia mzee huyu hajawahi hata kumchinja kuku, amwache aruke zake.

Ilikuwa kweli, kuku alichinjwa na Mayu. Na daraja halikupigwa kamwe. Mara ya kwanza tulipolifikia, kwa wakati kabisa, Mwalimu alipita juu yake, akainamisha bawa kidogo kama anayesalimia, akasema, "Tumefika," akageuza kurudi.

"Mwalimu, hatudondoshi?"

"Tudondoshe nini?"

"Mpango umeandikwa shambulio. Tumeupanga wiki tatu!"

"Daraja watu wanalitumia," akasema, na akaanza kuhesabu njia ya kurudi.

Wiki tatu. Hilo ndilo lililonichosha. Safari yenyewe iliisha kabla maharage ya Mayu hayajaiva, lakini kupanga hakukuwa na mwisho. Alichora njia, akaigawa kwa alama za dakika, akaandika kando ya kila alama nini kitaonekana kulia na nini kushoto, akapima mafuta, akapanga njia ya pili kama ya kwanza imezibwa, na ya tatu kama ya pili ina ukungu. Umeme ukikatika katikati ya safari, na hukatika, hakukubali tuendelee pale tulipoishia. Tulianza upya kwenye meza, kwa sababu upepo ungekuwa umebadilika.

"Mwalimu, upepo wa humo tunauweka sisi wenyewe."

"Ndiyo maana lazima tuufikirie."

Mimi nami ni mtu wa kuandika ujumbe, kuufuta, kuuandika tena, kisha kutuma "sawa." Hatukufaa kukutana. Mtu mwingine angemwambia basi, turuke. Mimi nikiambiwa kuna njia ya tatu, naanza kuwaza ya nne. Kuna wiki ambazo sikutuma ombi hata moja la kazi kwa sababu nilikuwa nalala nikiwaza bonde la magharibi ya Binza.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Mwalimu hakulipanga mara mbili: saa ya kuondoka. Ilipofika, aliondoka. Aliwahi kuniacha nikiwa chooni. Aliwahi kuniacha nikimwamkia shangazi yake Mayu aliyekuja kutoka Itilima, mwanamke asiyeamkiwa haraka haraka. Niliporudi, ndege yangu ilikuwa imekaa kwenye njia ya kurukia peke yake kama mbuzi aliyesahauliwa, na ya kwake ilikuwa nukta.

"Asiyekuwepo anaachwa," alisema aliporudi. "Si adhabu, ni hesabu. Kiongozi akisubiri, kila kitu mbele yake kinakuwa cha uongo."

Na tukishashuka chini, redio ilikuwa kimya mpaka darajani. Tulikuwa tumekaa sebule moja, meza moja, viwiko karibu vigusane, lakini hakuna kusema. Mayu angetokea mlangoni na kuuliza kama chai aongeze sukari. Mwalimu aliinua kidole kimoja. Mayu alisimama pale na kijiko, akitutazama mimi na mumewe kama watu wawili waliopatwa na malaria siku moja.

Bonde la magharibi ya Binza lilikuwa moyo wa mpango wote. Tulikuwa tunaruka kuelekea kusini. Ukipita magharibi, kwenye bonde, vilima vinakuficha na Binza inabaki mkono wako wa kushoto; unaliona tangi la maji, unabonyeza saa, unaanza kuhesabu kuelekea darajani. Ukipita mashariki, hakuna bonde. Ni uwanda mtupu, na rada inakusubiri pale.

Mwalimu akaanza kuikosa Binza.

Mara ya kwanza alisema mwanga ulikuwa mbaya. Mara ya pili alisema nilikuwa nimemkaribia mno, nimemchanganya. Mara ya tatu alipita tangi la maji kwa karibu sana hata mimi, niliyekuwa nyuma yake upande wa kulia, niliweza kuhesabu ngazi zake, na yeye akaendelea kutazama mbele, kidole juu ya saa, akisubiri kitu ambacho kilikuwa kimeshampita. Akagonga kilima. Kilima nacho kilikuwa kushoto.

Nilirudi nyumbani nikawaza. Niliwaza kikombe cha chai ambacho Mayu alikuwa ameanza kukiweka kulia kwake, bila kusema kitu. Niliwaza siku tulipokuwa tunavuka barabara kwenda dukani, bodaboda ikatokea kushoto ikipiga honi, na Mwalimu akashtuka honi ilipokuwa imeshafika gotini. Nikajiambia naona kitu na nimekipenda. Nikajiambia nisianze na ardhi. Nikasubiri ramani.

Ramani ilikuja Jumatatu iliyofuata. Mpango mpya. Njia yote ilikuwa imehamishwa mashariki ya Binza, kwenye uwanda, mbele ya rada. Nikapitia alama moja moja. Kanisa: kulia. Makutano ya Migato: kulia. Tangi la Binza: kulia. Kiwanda, kulia. Safu ya maandishi ya upande wa kushoto, ambayo kwa miezi yote ilikuwa imejaa kama ya kulia, ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu, hapa rada inatuona."

"Tutaruka chini zaidi."

"Hakuna kitu cha kutuficha. Bonde lilikuwa zuri. Kwa nini tumeliacha?"

"Alama za kulia ni bora."

"Zote?"

Alikunja ramani vizuri, mkunjo juu ya mkunjo.

Akasema turuke, tukaruka. Tulipigwa kombora kabla ya Binza, sote wawili, siku hiyo na siku zilizofuata. Kila tulipopigwa alirekebisha kitu kingine: kasi, saa ya kuondoka, upepo. Nilikuwa nakaa pale nauma meno. Mtu aliyeniambia kila siku nisiisogeze ramani ili ifanane na macho yangu alikuwa ameisogeza mkoa mzima.

Sikumwambia siku hiyo. Nilifanya kitu kingine: tulipopaa tena, nilihama. Badala ya kuruka kulia kwake nikahamia kushoto. Mwalimu, ambaye aliwahi kunigombeza kwa kupotoka upana wa bawa moja, hakusema neno. Mpaka leo sijui kama hakuniona au aliniona akaniacha. Nimelifikiria jambo hilo kuliko nilivyofikiria usaili wangu wowote.

Mayu ndiye aliyenipa iliyobaki. Alikuwa anamenya viazi kwenye kivuli cha jiko, mimi namsaidia kukata.

"Hivi huko hewani anaona?" akaniuliza.

"Upande mmoja, Mayu."

Akaendelea kumenya. Akasema madaktari wa macho walipita shule ya msingi kupima wazee, kabla ya msimu wa pamba, na wote wawili walikwenda. Mwalimu alitoka akamwambia mkewe kwamba wamesema ni macho ya uzee tu. "Na mimi nilikuwa kwenye benchi nyuma yake, nasubiri zamu yangu. Nina masikio." Walikuwa wamemwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha sehemu kubwa, la kulia limeanza. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa, lakini aende hospitali ya rufaa, mkoa wa jirani, na asichelewe.

"Umemwambia kwamba ulisikia?"

"Nimwambie ili iweje? Atanichorea ramani."

Basi nikamwambia mimi. Nilijiandaa kwa siku kadhaa, nikapanga sentensi ya kwanza, na sentensi nyingine kama ya kwanza itakataliwa. Nilipofika mbele yake zote zilipotea, nikasema tu, "Mwalimu, huoni kushoto. Na la kulia nalo linakwenda. Kwa nini huendi hospitali?"

Alitazama saa yake ya shingoni, kama vile jibu lilikuwa na muda wake.

"Nani kiongozi hapa?"

"Wewe."

"Namba Mbili anahoji njia?"

"Namba Mbili anatazama mahali ambapo kiongozi hatazami. Ni maneno yako."

"Mayu!" akaita. "Huyu mtoto amekula?" Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kumfukuza mtu. Mayu akajibu kutoka jikoni kwamba mtoto amekula, na kwamba mtoto amesema kweli.

Nilifungiwa kuruka. Niliisikia ndege yake kupitia dirishani akiwa peke yake, na baada ya muda ule mlio wa kombora, kisha kiti kikivutwa. Nilianza kumwandikia binti yake wa Dodoma. Nikafuta. Nikaandika tena kwa upole zaidi, nikaona upole umezidi utafikiri ni mafua, nikafuta. Nilimkasirikia Mwalimu kiasi kwamba nilimchukia hata yule mwanafunzi aliyekuwa ndani yangu, aliyewahi kuamini kwamba mtu huyu hakosei.

Kisha akaniita mwenyewe, juu ya uzio. Alikuwa amekubali kwenda. Nilikaribia kulia kwa furaha mpaka nilipoingia sebuleni na kuona meza.

Alikuwa anapanga safari ya hospitali.

Basi la kwanza, na basi la pili kama la kwanza limejaa. Kiti, kwa kufuata jua. Barabara wakati wa msimu, malori ya pamba yakiwa mengi, yatachelewesha kiasi gani. Kama daktari hayupo siku hiyo. Kama yupo lakini mashine ni mbovu. Mahali pa kula, na mahali pengine pa kula kama pa kwanza wanaweka mafuta mengi. Nilimwambia ni safari ya asubuhi moja. Akasema safari fupi ndizo zinazoua watu, maana hawazipangi.

Wiki ikapita, ikapita nyingine. Kila nilipouliza, ilikuwa imebaki kitu kidogo. Alinionyesha mabadiliko akijivunia, na nilipoinamia ramani niliona jinsi anavyougeuza uso wake wote ili asome upande mmoja, kama kuku anavyotazama punje. Alama alizoziandika sasa hazikuwa hata kulia. Zilikuwa katikati, mbele, kwenye mstari wenyewe wa barabara. Alikuwa kama anayeruka ndani ya bomba, haoni ila tundu la mbele.

Hapo ndipo nikapoteza adabu, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu mzima.

"Ngosha!" nikasema. Nilimwita kama wanavyoitana wanaume wa Kisukuma mnadani, mimi msichana, mwanafunzi wake. Mayu aliacha kijiko. "Jumatatu. Saa mbili kamili asubuhi, stendi. Mimi ndiye kiongozi wa safari hii. Asiyekuwepo anaachwa."

Mwalimu alinitazama kwa jicho lililobaki. Nilikuwa nimeshaanza kutunga namna ya kuomba radhi.

"Kiongozi hubeba mpango," akasema hatimaye. "Wako uko wapi?"

"Mpango ni kupanda basi."

"Njia ya pili?"

"Hakuna."

Akaitoa saa shingoni. Nilifikiri ananipa. Alikuwa anairekebisha tu ifanane na ya simu yangu. "Saa mbili kamili, basi," akasema. "Namba Moja."

Jumapili sikulala vizuri. Niliwaza hatakuja. Niliwaza atakuja na kukuta mpango wangu una tundu. Asubuhi nilitoka nyumbani mapema, nikafika karibu na kiwanda cha kuchambua pamba, nikakumbuka kwamba sikuchukua mwavuli. Ilikuwa kiangazi, hakukuwa na wingu. Lakini nikawaza dawa ya macho, jua kali, mzee asiyetakiwa kukaa kwenye mwanga baada ya kupimwa. Nikageuza. Niliporudi na mwavuli, malori ya pamba yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani yakisubiri kushusha, bodaboda haina pa kupita, na mimi nasikia ndani ya kichwa changu sauti ya darasani ikihesabu.

Nilifika stendi baada ya saa mbili. Si sana. Ilitosha.

Mpiga debe alikuwa amekaa juu ya furushi anakula kitumbua. "Wewe ndiye Namba Moja?" akauliza.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka na basi la Maswa. Mzee ana msimamo yule! Dereva mwenyewe alitaka kungoja abiria wawili, mzee akamwonyesha saa, basi likaondoka. Amesema nikwambie si adhabu." Akafikiri kidogo. "Amesema ni nini kile? Ni hesabu."

Nilisimama pale na mwavuli wangu. Nilipiga simu, iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Bila shaka: ameshashuka chini, redio ni kimya. Nilikuwa na hasira. Yuko peke yake kwenye basi, jicho moja, nalo linakwenda, hospitali hajawahi kuiona, na mtu aliyemlazimisha kwenda amerudi nyumbani kuchukua mwavuli. Nikaanza kuwaza. Nimfuate? Nikimfuata atashuka wapi, nitampata? Nikibaki, nimwambie nini Mayu? Basi lililofuata lilikuwa limeshawasha, linasogea mbele na kurudi nyuma kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini.

"Dada," kondakta akaniita, "unapanda au unatusindikiza?"

Nikapanda. Viti vilikuwa wazi pande zote mbili. Nikakaa dirishani, kushoto.

Mji ulipokwisha yakaanza mashamba, pamba iliyokwisha kuchumwa, mabua makavu, mawe makubwa mbali yakiwa yamekaa juu ya mengine. Bila kukusudia nikaanza kuyapima: lile lingeonekana lini, upande gani. Nilishika simu mkononi ingawa nilijua haitalia. Mwalimu hakuwahi kuvunja ukimya kabla ya daraja, hata siku ile jiko la Mayu liliposhika moto.

Ililia tulipokuwa bado mbali na Maswa. Ujumbe, umeandikwa kwa simu yake ndogo ya vitufe, bila salamu.

"Kwa saa yangu Binza imepita. Ilikuwa kushoto. Sikuiona. Uko wapi?"

Niliusoma mpaka kioo cha simu kikazima, nikakiwasha nikausoma tena. Kisha nikaandika, "Nyuma yako, upande wa kushoto," nikautuma kabla sijaufikiria.